Nyawal Hajamaliza Kuvuta

Sogeeni. Sogeeni hapa kwenye mkeka, mbuzi nimewafunga, hawaendi popote. Wewe mwenye simu, izime. Na wewe unayetafuna tunda la koma, meza au tema, maana hadithi hii ina sauti ndogo ndani yake na mtu anayetafuna hataisikia. Kimya. Hapana, hicho bado si kimya. Mnasikia upepo sasa? Basi hapo ndipo tunapoanzia.

Mambo yalianza kwa nguo.

Mdogo wangu Akaale alikuwa anafua na kupika katika kota moja ya wafanyakazi wa serikali hapo Lodwar, upande wa kuelekea mto. Siku hiyo aliinua sare ya mtoto wa pale, gauni dogo la buluu la msichana wa miaka saba, akalipeleka puani kama afanyavyo kila mfuaji, ajue ni la sabuni kidogo au nyingi. Gauni lilinuka tumbaku. Si ile ya mwenye nyumba, maana tumbaku ya mwenye nyumba ilinuka keki, na hiyo nitawaambia. Hii ilikuwa tumbaku kali, chachu, iliyokaa mdomoni mwa mtu mzee sana. Akalifua. Akalifua tena. Akalianika juani, na jua la Lodwar mnalijua, linakausha machozi kabla hayajafika shavuni. Jioni akalinusa. Harufu ilikuwa palepale, kifuani, chini ya vifungo.

"Nikajua," Akaale aliniambia, "huyu mtoto kuna mtu amemlalia kifuani."

Lakini nimeruka kama mwanambuzi. Turudi kwa mwenye nyumba, kwa sababu ubaya hauingii bila mtu wa kuufungulia, na huyu aliufungulia akiwa amevaa koti.

Jina lake Benard. Alitoka huko kusini, kule ambako wazee wetu walikuwa wanakuita Kenya, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Alikuwa mkubwa katika ofisi. Nilimuuliza Akaale, mkubwa wa nini? Akasema, "Wa kutia sahihi." Basi kutia sahihi kukampandisha presha. Daktari akamwambia mambo matatu: atembee jioni, apunguze chumvi, na atafute kitu cha kumtuliza moyo. Kutembea akaona ni kwa watu wasio na gari. Chumvi aliipenda. Ikabaki kutulia, na hata kutulia alienda kufundishwa na simu.

Kumbe duniani kuna wanaume wanaojipiga video wakivuta kiko. Wanakaa kwenye viti vya ngozi, nje mvua inanyesha, wanashindilia tumbaku kwa kidole gumba, wanavuta, wanafumba macho, wanasema "ah." Benard akawatazama miezi miwili. Akaagiza kiko. Akaagiza cha pili, maana eti cha kwanza kinahitaji kupumzika. Kiko kinapumzika! Akaagiza tumbaku ya kopo inayonuka keki ya harusi. Akaagiza kibao cha kusimamishia viko, vijiti vyenye manyoya vya kuvisafishia, na koti lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Koti jipya, wajukuu wangu, lenye viraka. Sisi tulitia viraka kwa aibu, yeye alivinunua.

Kila jioni alikaa barazani akitazama barabara, si kwa sababu barabara ilikuwa nzuri, bali ili barabara imtazame. Jasho linamtiririka ndani ya lile koti mpaka kwenye soksi. Watoto wakipita na mitungi ya maji wanasimama kumshangaa, naye anadhani wanamstahi.

Mkewe, Mugure, alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa maneno machache yenye meno.

"Baba Ashley," alimwambia, "babako alivuta kiko shambani miaka arobaini na hakuna siku alivaa koti."

"Ile ilikuwa tabia, Mama Ashley. Hii ni sanaa."

Mlinzi wa pale geti aliitwa Esekon. Mzee mwembamba, mwenye kigoda chake kidogo cha kukalia na kuegemeza kichwa, anayetafuna tumbaku ya kawaida ya soko. Huyo Esekon alikuwa pia mtu wa kurusha viatu; nikisema hivyo nyinyi mnajua, anatupa makubadhi yake chini na kusoma yalivyoanguka. Babake alikuwa emuron, mwonaji. Benard alijua habari hiyo na aliwasimulia wageni wake kama kichekesho.

Jioni moja Esekon alisogea barazani, akasema kwa adabu, "Bosi, kabla ya kuwasha, weka kidogo chini. Ya kwanza ni ya wale walitangulia."

Benard akainua kopo. "Esekon, unajua hii imetoka wapi? Imevuka bahari. Niwalishe mchwa?"

"Hata kidogo tu, bosi. Kama chumvi."

"Wewe endelea kutafuna na kutema kama ngamia. Hii ni ya watu wa utulivu."

"Ngamia hutema akikasirika," Esekon akasema akirudi geti. "Mimi natema nikifurahi."

Sasa sikilizeni vile alivyokipata kile kiko kingine.

Kazi ilimpeleka Kakuma, kwenye mkutano wa kupanga mkutano. Ulipokwisha alienda kutembea kambini, koti begani, akitafuta kahawa. Akafika mahali mama mmoja amekaa chini ya kivuli cha bati, miguu ameinyoosha mbele, anavuta. Mama huyo ni Yar. Ni Mdinka aliyeolewa na Wanuer, amekonda, ana makovu ya urembo kipajini, na Kiswahili chake alikiokota hapo hapo kambini. Kiko chake kilikuwa kirefu kama mkono wa mtu mzima: kichwa cha udongo mweusi, mrija wa mti uliovishwa ngozi, na penye mdomo kibuyu kidogo cha mviringo. Ndani ya kibuyu hicho hujazwa nyuzi za gome la mti. Moshi hupita humo, na nyuzi hunyonya ule ukali wote, utomvu mweusi wa tumbaku, miaka na miaka. Wengine huzitafuna siku tumbaku ikiadimika. Za kiko hiki hakuna aliyewahi kuzitafuna.

"Mama!" Benard alisimama juu yake. "Hiki ndicho kitu asilia sasa. Unauza?"

Yar alivuta kwanza, akatoa moshi, ndipo akajibu. "Hii si ya kuuza."

"Kila kitu ni cha kuuza. Wewe taja tu."

"Hii ya mama ya bwana yangu. Nyawal."

"Yuko wapi niongee naye?"

Yar akagonga kibuyu kwa ukucha, ko, ko. "Iko hapa. Sisi tulikimbia vita, yeye alikufa kwa njia. Alikufa anavuta. Moto bado. Hajamaliza."

"Hajamaliza nini?"

"Kuvuta." Alimtazama kama unavyomtazama mtoto anayeuliza maji yanafanya nini mtoni. "Ya kwanza yake, ya pili yangu. Yeye mkali, matusi mingi. Lakini akikaa kwa nyumba yake, mafi shida, hakuna shida."

Benard akacheka, kile kicheko cha mtu anayejisikiliza akicheka. Yar akamkagua kuanzia viatu hadi viraka. "Na wewe nani? Kawaja mweusi? Mzungu mweusi?"

Wanawake wa jirani wakacheka. Benard hakupenda hiyo.

Mara ikasikika kelele bombani, maji yamefunguliwa. Yar akainuka haraka, akalaza kiko juu ya kigoda vile unavyolaza mtoto aliyesinzia, akaenda kuwahi mtungi wake. Aliporudi, juu ya kigoda kulikuwa na noti ya elfu moja imewekewa jiwe isipeperuke. Kiko hakuna.

Mwizi wa kawaida hukimbia. Benard alitembea. Aliingia garini, akafunga mkanda, na njia nzima alijiambia kwamba amenunua.

Siku ya pili, Jumamosi asubuhi, alikaa barazani na vifaa vyake vyote. Zile video zilimfundisha kwamba kiko cha mkono wa pili lazima kisafishwe ndani kabla ya kukitia mdomoni. Akavaa glavu, mimi naapa Akaale alisema glavu, akachovya kijiti kwenye spiriti, akachokora kibuyu. Ashley, yule mtoto wa gauni, alikuwa amechuchumaa kando yake akitazama. Kikatoka kitu. Bonge jeusi, bichi, lenye nyuzi nyuzi kama nywele, linatoa maji.

"Baba," Ashley akasema, "kinapumua."

"Ni upepo."

"Upepo hakuna, baba."

Akalishika lile bonge kwa ncha za vidole, uso ameukunja, akalitupa kwenye moto wa takataka karibu na geti. Bonge halikuwaka, lilichemka. Likatoa moshi wa rangi ya kahawia, na moshi ule, badala ya kupanda juu kama moshi wenye akili, ulitambaa. Ulitambaa chini kwa chini, ukavuka uwanja mzima, ukapita miguu ya Akaale aliyekuwa anaanika nguo, ukamfikia mtoto aliyekuwa ameanza kupiga miayo.

Mtoto alimaliza muayo wake na moshi haukuonekana tena.

Esekon alikuja mbio kutoka geti. "Bosi! Umechoma nini?"

"Uchafu."

"Uchafu ya nani?"

"Uchafu ni uchafu, Esekon. Hauna mwenyewe."

Ndiyo Jumatatu yake Akaale akanusa gauni.

Wengi hudhani majini hupenda usiku. Huyu alipenda saa nane mchana, ile saa Lodwar yote imejifungia, hata punda amesimama kivulini kama amechorwa. Siku ya Alhamisi, saa hiyo, stima ilikuwa imepotea na feni zimekufa. Mugure alikuwa amelala sebuleni kwenye sakafu ya simiti. Benard yuko kazini. Akaale alikuwa jikoni anachambua maharagwe aliposikia, kwoto, kwoto, kwoto. Ni ile sauti ya kiko cha kibuyu kikivutwa, utomvu ukitokota ndani. Akachungulia barazani. Kiko cha Yar kilikuwa kwenye kibao chake, kitupu, kimeng'arishwa, hakina moto. Kwoto, kwoto. Sauti ilitoka chumba cha mtoto, na Akaale akaweka chini sinia la maharagwe, akavua ndala zisipige kelele, akapita ukutani kidogo kidogo huku ile harufu ya tumbaku chachu ikimjia na kumjaa hadi kooni, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na harufu nyingine, ya ngozi iliyolowa na maziwa yaliyoharibika na vumbi la watu wengi wanaotembea mbali, na alipofika mlangoni akasukuma pazia kwa kidole kimoja, akamwona Ashley amekaa sakafuni, mgongo wima, miguu imenyooka mbele kama ya bibi wa miaka themanini, macho nusu yamefumba, mkono wa kulia umeshika hewa karibu na mdomo kama umeshika mrija mrefu, mashavu yanabonyea yakivuta, kifua chote kinalia kwoto, kwoto, kisha mkono ukashuka taratibu na moshi ukatoka kwenye pua za mtoto, nyuzi mbili nyembamba, ukapanda, ukamfuata Akaale mlangoni, ukamzunguka uso kana kwamba unamkagua yeye ni nani.

"Ashley," Akaale akanong'ona.

Mtoto akasema maneno ya lugha asiyoijua, kwa sauti nzito, iliyokwaruza. Halafu sauti yake ndogo ikatokea nyuma ya hiyo, imechoka. "Shosho anasema nyumba yake imechomwa."

"Shosho? Bibi gani, mama yangu?"

"Huyu." Akajigusa kifua. "Anasema hapa kwangu ni padogo." Akavuta pumzi, haikufika. "Anasema atapanua."

Akaale hakupiga kelele. Alimbeba, akamtoa nje juani, akamwamsha Mugure.

Kuanzia siku hiyo pumzi ya mtoto ikawa inapunguzwa kama unga wa mwisho wa mwezi. Jumatatu hakumaliza wimbo wa shule. Jumatano hakuweza kupuliza puto. Ijumaa, kutoka mlangoni hadi geti, alikaa chini mara tatu. Walimpeleka hospitali, wakampiga picha, kifua ni safi. Daktari hakukosea, ule haukuwa ugonjwa wa daktari. Walimleta pasta, mtu mwema, akaomba mpaka shati likamshika mgongoni, akamwamuru atoke kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mtoto alinyoosha miguu, akavuta hewa, akampulizia.

"Ni aleji ya vumbi," Benard akasema. Alisema hivyo kila siku. Na kila jioni alivaa koti, akakaa, akashindilia tumbaku yake ya keki katika kiko cha Yar, akawasha. Alianza kulalamika kwamba tumbaku imeharibika. Anavuta, moto unawaka, lakini mdomoni hakuji moshi.

Mugure ndiye aliyegundua. Alikuwa ndani amempakata mtoto, akanusa keki. Akatazama chini. Barazani mumewe alivuta, na humu ndani, kwenye pua za Ashley, ukatoka moshi mtamu wa vanila. Akavuta tena, ukatoka tena, na midomo ya mtoto ikaingia rangi ya majivu.

Alitoka amembeba. "Baba Ashley, weka hiyo kitu chini."

"Mama Ashley, usianze na imani za watu wa huku."

"Sawa. Si imani." Akamgeuza mtoto uso kwa uso na babake, karibu kabisa. Sauti yake ilikuwa ya chini mno hata Akaale alilazimika kukaza masikio. "Basi vuta. Vuta mara moja tu, ukimwangalia."

Benard akainua kiko. Akakishusha. Hakuvuta.

"Esekon!" Mugure akaita. "Njoo na viatu vyako."

Esekon alikuja. Alivua makubadhi, akayatemea, akalitamkia kila moja neno, akayarusha mchangani. La kwanza likaanguka limeelekeza ncha barabara ya Kakuma. La pili likaja kulala juu yake, kifudifudi. Akarusha tena. Vilevile. Mara ya tatu hakurusha, aliyavaa.

"Huyu si wetu," akasema. "Ni mama mzee, mgeni, amefukuzwa kwake."

"Si ni wewe mtaalamu?" Benard akasema. "Mfukuze basi."

"Nimfukuze na lugha gani, bosi? Mimi namwambia toka kwa Kiturkana, yeye ananijibu kwa Kinuer. Tutabaki tukisalimiana mpaka mtoto aishe."

Mugure hakungoja mengine. Aliingia garini na mtoto, akapiga honi.

Wakaenda Kakuma wote watano, Benard kwenye usukani, Esekon mbele na fimbo yake, Akaale nyuma akimpepea mtoto kwa kipande cha boksi. Kila walipovuka laga, mto mkavu wa mchanga, na gari kuruka, ile kwoto, kwoto kifuani inakatika, na kila ikikatika Mugure anaacha kupumua hadi irudi. Walipopita Lopur midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu.

Yar alikuwa amekaa palepale chini ya bati, mikono mitupu mapajani. Na kwenye kigoda, wiki mbili sasa, noti ya elfu moja bado iko chini ya jiwe. Upepo umeitafuna kona moja. Hakuna mtu wa mtaa ule aliyeigusa.

Hakuwasalimu. "Umeleta mama yangu?"

Benard akatoa kiko. Yar akakipokea, akaingiza kidole kidogo ndani ya kibuyu, akakizungusha, akakinusa kile kidole. "Nyuzi wapi?"

"Nilisafisha."

Yar akakilaza kiko mapajani. "Umesafisha," akasema. "Miaka kumi na moja mimi nakaa na yeye kwa hii kambi. Ananitukana, namtukana, tunavuta. Watu yangu yote iliisha, yeye alibaki. Wewe siku moja unasafisha."

Mugure akapiga magoti mchangani na mtoto mikononi. "Mama, nakuomba. Ni mmoja tu niliye naye."

Yar akamtazama mtoto, na hapo hasira ikamtoka usoni. Akaingia ndani, akarudi na gome kavu lililofungwa kwenye kitambaa. Akalitafuna taratibu mpaka likawa laini, akalichambua nyuzi, akalichanganya na tumbaku iliyotwangwa, akajaza kibuyu. Akachukua tumbaku nyingine kwa vidole vitatu, akaiweka chini. Esekon alipoona hivyo akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia lugha yake.

"Wewe," Yar akamwambia Benard. "Mkono ilivunja nyumba, mkono inashika nyumba. Piga magoti. Shika kibuyu karibu na mdomo ya mtoto. Yeye atapuliza tatu. Wengine wote funga mdomo na nguo. Wewe huna mkono ya kufunga, basi uma meno. Ukisikia harufu, nyamaza. Ukiona kitu, nyamaza. Yeye akitoka, anaingia penye wazi."

"Nimeelewa, mama," Benard akasema akipangusa mchanga kabla ya kupiga magoti. "Si kama ni fizikia."

Ashley akapuliza mara ya kwanza, pumzi ndogo kama ya kuku, na ukatoka uzi mmoja wa moshi ukaingia kibuyuni. Akapuliza mara ya pili, na kile kiko, ambacho hakikuwa na moto, kikalia kwoto. Mugure alikuwa amejifunga kitambaa, machozi yanakilowesha. Na mara ya tatu mtoto alijikunja wote, shingo ikavimba, kifua kikapanda juu kuliko kifua cha mtoto kinavyoweza kupanda, na ikatoka ile harufu, si tumbaku tena peke yake bali safari nzima, vumbi na ng'ombe waliofia njiani na nguo za mvua zilizovaliwa mwezi mzima na damu iliyokauka na mwanamke mzee aliyeachwa kando ya barabara na kiko chake bado kina moto, vyote vikitoka kwenye mdomo mdogo ule kwa wingu zito la kahawia lililoelekea kibuyuni taratibu, kama mtu anayeinama kuingia mlango mfupi wa nyumba yake, na Esekon amefumba macho, na Akaale anauma khanga, na Yar anaita polepole, "Nyawal, Nyawal," vile unavyomwita mtu mzee asijikwae.

Benard akageuza uso. Pua ilimkunjamana, ule mkunjo wake wa siku zote. "Uchafu ga..."

Hakumaliza neno. Wingu lilisimama. Kisha likageuka, na kinywa chake kikafungwa kwa kishindo kama sanduku.

Ashley alilia. Kilio kirefu, kizima, cha mtu mwenye mapafu mawili. Wanawake wa jirani wakapiga vigelegele, na Mugure akamkumbatia akicheka na kulia. Yar peke yake hakufurahi. Aliingiza kidole kibuyuni, akapapasa nyuzi mpya. Zilikuwa kavu.

Benard alisimama, akajikung'uta magoti. "Imekwisha? Twendeni, barabara ni mbaya."

Na alipokuwa akisema, kila neno lilitoka na moshi kidogo, kama mtu anayeongea asubuhi ya baridi kule kwao milimani. Na Kakuma siku hiyo mchanga ulikuwa unachoma kupitia ndala.

"Malesh, pole," Yar akasema. Alimhurumia, jamani. "Keti. Naweza kumtoa. Lakini si kama mtoto. Wewe mkubwa, lazima uombe mwenyewe. Umwite jina."

"Bosi," Esekon akanong'ona, "omba."

"Niombe nini? Mimi niko sawa." Akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha bibi mzee, kirefu, chenye kuridhika. "Ni aleji. Ya vumbi."

Mugure akanyoosha mkono, akachukua funguo za gari kutoka mfukoni mwa lile koti.

Basi mali ikagawanywa hivi. Ashley alirithi pumzi yake yote, na hata leo huko Nyahururu alikohamia na mamake, kabla ya kula, hudondosha tonge dogo chini, na hakuna aliyemfundisha. Mugure alirithi gari, na mtoto, na usingizi wa mchana. Esekon alipata kile kiti kikubwa ambacho Benard alikalia barazani. Amekikata kuni, akabaki na kigoda chake. Akaale alipata kibao cha viko, anasimamishia miiko. Koti alinipa mimi; nimefungia mlango wa zizi, viraka kwa nje. Yar alirithi kiko, kizuri, kisafi, kimya, na akikivuta anavuta peke yake, akimaliza anageuka kando kusubiri tusi lisilokuja. Noti ya elfu moja iko bado chini ya jiwe.

Na Benard, aliyetaka kitu asilia, alimrithi Nyawal. Bado anatia sahihi hapo ofisini, na wanaokaa karibu naye hufungua madirisha bila kumwambia kwa nini. Saa nane mchana, Lodwar yote ikijifungia, hukaa sakafuni barazani, miguu ameinyoosha mbele, mkono umeshika hewa. Mdomo haufungui. Kwoto, kwoto, na moshi unatoka puani. Ya kwanza ni ya yule mama, na ya pili ni ya yule mama.